Maswali ya Wasomaji: Mkeka wa Taamuli na Kazi ya Kuiponya Dunia

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi juu ya Wabuddha wanaojihusisha na mambo ya jamii: watawa wanaojenga upya vijiji vilivyobomolewa, wanaotembea kwa miguu kudai amani, wanaosimama na maskini mbele ya watawala. Hatukutarajia makala hiyo ituletee barua nyingi kiasi hiki. Tulizozichagua hapa ni zile zinazouliza mambo ambayo yanatusumbua na sisi wenyewe. Baadhi tumezifupisha, na majina ya waandishi hatukuyachapa.

SWALI: Kwa miaka mitatu nimekuwa nikifanya taamuli kila asubuhi, na jioni najitolea katika kundi linalowahudumia watu wasio na makazi. Wenzangu hunitania kwamba asubuhi naikimbia dunia na jioni naifukuzia. Utani huo umeanza kunichoma. Mafundisho yanayosema kwamba mateso hutokana na tamaa, na kwamba dawa yake ni kuiachilia, yanamsaidiaje mtu anayelala barazani kwa sababu kodi ya nyumba imemshinda? Je, huku si kumwambia mwenye njaa aache kutamani chakula?

JIBU: Swali lako la mwisho ni kali na ukali wake ni wa haki, kwa hiyo tuanze nalo. Katika masimulizi ya kale yanayofafanua aya za Dhammapada, mkusanyiko wa semi za Buddha, kuna kisa cha mkulima maskini wa mji wa Alavi ambaye, siku Buddha alipofika kufundisha, alikuwa ametoka alfajiri kumtafuta ng'ombe wake aliyepotea. Alirudi baadaye, amechoka na hajatia kitu kinywani, akaenda moja kwa moja kusikiliza. Buddha hakuanza mafundisho. Aliuliza kama kuna chakula kilichobaki, akaagiza mtu yule alishwe kwanza, na watawa walipomnung'unikia alisema kwamba njaa ni maradhi yanayoyazidi yote. Basi anayemwambia mwenye njaa aache kutamani chakula hajalitoa neno hilo kwa Buddha.

Neno la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, ambalo tumezoea kulifasiri kuwa "tamaa" ni tanha, na maana yake ya asili ni kiu. Inayokusudiwa ni ile kiu isiyokatwa na maji, inayomfanya mwenye nyumba kumi asilale usingizi kwa kuiwazia ya kumi na moja. Haja ya kula, kuvaa, kuwa na mahali pa kulala na kupata dawa haimo katika hesabu hiyo, kwani mambo hayo manne ndiyo yale yale ambayo hata mtawa aliyeacha kila kitu aliruhusiwa kuyapokea. Ukilielewa hivyo, swali lako linageuka uso: ni kiu ya nani iliyomlaza mtu wako barazani? Sulak Sivaraksa wa Thailand, ambaye mwaka 1989 alishiriki kuanzisha mtandao wa kimataifa wa Wabuddha wanaojihusisha na jamii, amesisitiza kwa miongo mingi kwamba zile sumu tatu zinazotajwa na mafundisho, yaani tamaa, chuki na ujinga, hazikai ndani ya kifua cha mtu mmoja mmoja tu. Hujengewa makao katika taratibu za uchumi, katika majeshi na katika matangazo, na zikishakaa humo huendelea kufanya kazi hata pale ambapo kila mtumishi wa taratibu hizo ni mtu mpole nyumbani kwake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mawazo ya wanaharakati wa karne ya 20 yaliyopachikwa juu ya dini ya kale. Wasome Kutadanta Sutta, mojawapo ya sutta, yaani mahubiri ya Buddha yaliyohifadhiwa katika maandiko. Humo anasimuliwa mfalme ambaye nchi yake imejaa wanyang'anyi, na mshauri wake anamwonya asidhani kwamba atawamaliza kwa kuwaua, kuwafunga au kuwafukuza, maana watakaosalia wataendelea kuisumbua nchi. Awape wakulima mbegu, awape wafanyabiashara mtaji, awalipe watumishi wake ujira, nao wakishashughulika na kazi zao hawatakuwa na muda wa kunyang'anya. Sisi husema kwamba mwenye njaa hana miiko. Mshauri yule aliligeuza wazo la namna hiyo kuwa sera ya serikali. Sutta nyingine, Cakkavatti-Sihanada, inakwenda upande wa pili: mfalme anaacha kuwagawia maskini, umaskini unazaa wizi, wizi unazaa silaha, silaha zinazaa mauaji, na kutoka hapo uongo na kila uovu mwingine. Mnyororo huo haukuanzia katika moyo wa mwizi. Ulianzia katika hazina ya mfalme.

Sasa kuhusu asubuhi yako na jioni yako. Katikati ya miaka ya 1960, vita vya Vietnam vikiwa vinapamba moto, mtawa Thich Nhat Hanh na wenzake walianzisha mjini Saigon shule ya vijana ya huduma za jamii, iliyowapeleka vijana vijijini kujenga madarasa na zahanati, kuwafundisha watoto na kuwasaidia waliokimbia mabomu. Vijana hao hawakuchukua upande wowote wa vita, na kwa sababu hiyo pande zote mbili ziliwashuku. Baadhi yao waliuawa. Kijiji kimoja walichokuwa wakikihudumia, Tra Loc, kilibomolewa kwa mabomu, wakakijenga. Kikabomolewa tena, wakakijenga tena. Na baadaye Thich Nhat Hanh alieleza kwamba walikijenga hata mara ya nne kwa sababu kuacha kujenga kungekuwa kuukubali utawala wa kukata tamaa. Hebu fikiria ni akili ya namna gani inayoweza kuinua ukuta kwa mara ya nne mahali pale pale bila kumchukia rubani na bila kujidanganya kwamba safari hii utasimama. Akili hiyo haiji kwa bahati. Vijana wale walitenga siku ya kila juma kwa ajili ya ukimya na taamuli, na hawakuihesabu kuwa mapumziko ya kazi. Ilikuwa sehemu ya kazi yenyewe.

Wenzako basi wana nusu ya ukweli. Ukiwa asubuhi unaketi ili usahau sura za watu wa jioni, kweli unakimbia. Ukiziruhusu sura hizo zije ukae nazo, unafanya kazi ile ile ya jioni katika hali nyingine.

SWALI: Mimi ni mwuguzi. Miaka ya mwanzo nilikuwa nalia na wagonjwa wangu. Sasa sihisi kitu, na hilo linanitisha kuliko machozi yale. Rafiki yangu anayesoma mambo ya Ubuddha ananiambia nisiogope, kwani nimefikia utulivu wa moyo. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na rafiki yako asamehewe, maana kosa lake ni la zamani sana. Buddhaghosa, mfafanuzi wa karne ya 5 aliyefanya kazi yake katika kisiwa cha Sri Lanka, alieleza kwamba kila moja ya zile tabia nne njema, yaani upendo, huruma, furaha kwa heri ya mwingine na utulivu wa moyo, ina adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali ni rahisi kumtambua: adui wa mbali wa huruma ni ukatili, na hakuna anayeuchanganya ukatili na huruma. Adui wa karibu ndiye hatari, kwa kuwa amevaa nguo za mwenye nyumba. Adui wa karibu wa utulivu ni kutojali. Adui wa karibu wa huruma ni huzuni inayomzamisha anayeitazama shida ya mwenzake. Kwa kipimo hicho, wewe ulianza na adui wa karibu wa huruma, akakuchosha, na sasa umekimbilia kwa adui wa karibu wa utulivu. Hilo si jambo la kujilaumu. Ni njia iliyopitiwa na wengi wanaofanya kazi kama yako.

Mtafiti wa ubongo Tania Singer alilichunguza jambo hili akishirikiana na Matthieu Ricard, mtawa wa Kibuddha ambaye kabla ya utawa alisomea elimu ya jeni. Ricard alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akaombwa ayaweke mbele ya akili yake mateso ya watu na kuyahisi tu kama yake, bila kuongeza kitu. Baada ya muda si mrefu alikuwa amechoka kabisa. Kisha akaruhusiwa kuendelea kuwatazama watu wale wale, lakini sasa akiwaelekezea nia ya kuwatakia wema na kuwakaribia, na uchovu ukabadilika. Utafiti huo na mingine iliyoufuata ilionyesha kwamba kubeba maumivu ya mwingine na kumtakia nafuu ni shughuli mbili zinazoamsha sehemu tofauti za ubongo. Wanaosema "uchovu wa huruma" huenda wanaisingizia huruma bure. Kinachochosha ni kule kuumia pamoja na mgonjwa bila mahali pa kuupeleka uchungu wenyewe.

Kwa vitendo, jaribu hivi kwa mwezi mmoja. Kabla ya kumgusa mgonjwa, simama kwa pumzi tatu, na katika ya tatu sema moyoni, "Na upate nafuu." Usijilazimishe kuhisi lolote. Usiku, anza na wewe mwenyewe: na mimi nipate nafuu. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba ni vyema iwe hivyo.

Na tusikudanganye. Hakuna taamuli itakayofidia upungufu wa wauguzi katika wodi. Mwajiri anayewapa watumishi somo la kupumua badala ya kuwaongezea wenzao anayatumia mafundisho haya kama pazia, na kudai zamu za kibinadamu ni sehemu ya matibabu yako kama yalivyo maneno yale ya usiku.

SWALI: Nimefundishwa kwamba kwa mujibu wa Ubuddha kila mtu huvuna alichopanda, hata katika maisha yaliyopita. Kama aliyezaliwa katika dhiki anavuna, mimi ni nani hata niingilie mavuno yake?

JIBU: Imani uliyoieleza imewafaa sana walioshiba, na tungekuwa waangalifu nayo kwa sababu hiyo peke yake. Lakini iko sababu ya kimaandiko pia. Msafiri mmoja wa kidini aliyeitwa Sivaka alimwendea Buddha na kumwambia kwamba wako walimu wanaodai kuwa chochote anachokihisi mtu, kiwe raha au karaha, kimetokana na matendo yake ya zamani. Buddha alimjibu kwamba walimu hao wanavuka mipaka ya kile wanachokijua na kile ambacho dunia inakijua. Akataja sababu nyingine waziwazi: nyongo, kohozi na upepo wa mwilini kama tiba ya zama zile ilivyofahamu, mabadiliko ya majira, kutojitunza, kushambuliwa na wengine, na karma, yaani matendo ya mtu na matokeo yake, ikawa moja tu katika orodha ya mambo manane. Kushambuliwa na wengine, tunarudia. Mtu aliyepigwa amepigwa na anayempiga.

Aliyeliona jambo hili kwa uchungu kuliko wote ni B. R. Ambedkar. Alizaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Wahindi waliohesabiwa kuwa najisi kwa kuzaliwa, watu ambao kivuli chao kiliweza kuogopwa. Mwaka 1927 aliwaongoza maelfu ya wenzake katika mji wa Mahad kunywa maji ya bwawa la umma ambalo wanyama waliruhusiwa kulitumia na wao hawakuruhusiwa. Alikuja kuwa mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Na tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, akaingia katika Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake, majuma machache tu kabla ya kufariki dunia mwezi Desemba. Mtu aliyesoma kiasi kile, aliyeambiwa maisha yake yote kwamba dhiki ya watu wake ni mavuno yao, asingeichagua dini ambayo ingemwambia hivyo kwa lugha nyingine. Aliona katika mafundisho ya Buddha kukataliwa kwa ngazi za kuzaliwa, na akayasoma mateso kuwa ni pamoja na yale ambayo binadamu huwatwika binadamu wenzao. Wako wataalamu wanaosema kwamba aliusoma Ubuddha kwa macho ya siasa mno. Huenda. Nasi tungewauliza wanaousoma kwa macho ya starehe wao wanayaitaje macho yao.

Kuhusu wewe ni nani hata uingilie: karma kwa maana yake ya msingi ni tendo lenye nia. Kumpita mtu aliyeanguka pia ni tendo.

SWALI: Natetea haki za wafanyakazi wanaonyonywa. Hasira ndiyo inayoniamsha asubuhi. Nikisikia mtu anahubiri upole kwa walionyang'anywa natamani kuondoka chumbani. Dawa ya moto ni moto. Mna la kunijibu?

JIBU: Tunalo, ingawa tunakubaliana nawe kuhusu chumba kile. Upole ambao aliyenyang'anya anamhubiria aliyenyang'anywa ni sehemu ya unyang'anyi.

Dhammapada, katika aya yake ya 5, inasema kinyume kabisa cha methali yako: chuki haikomeshwi kwa chuki, hukomeshwa kwa kutokuwa na chuki, na hiyo ni kanuni ya kale. Maneno haya ni mepesi yakichapwa kwenye kalenda. Uzito wake huonekana ukijua nani aliyasema na wapi. Utawala wa Khmer Rouge, kati ya mwaka 1975 na 1979, ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 1.7 nchini Kambodia na karibu uufute utawa wa Kibuddha nchini humo. Mtawa Maha Ghosananda, ambaye ndugu zake waliangamia katika maafa hayo, aliingia katika kambi za wakimbizi mpakani mwa Thailand na kuanza kuimba aya hiyo hiyo mbele ya watu ambao walikuwa hawajasikia sauti ya sala kwa miaka. Walilia. Mwaka 1992, mapatano ya amani yakiwa mabichi na ardhi imejaa mabomu ya kutegwa, aliongoza matembezi ya miguu kutoka mpakani hadi Phnom Penh, wakimbizi wakirudi nyumbani nyuma ya watawa, na matembezi hayo yakaendelea kufanyika miaka iliyofuata. Mtu huyo hakuwa na upungufu wa sababu za kuchukia.

Angalia pia kwamba kutokuchukia hakukumfanya mtu yeyote anyamaze. Mwezi Septemba 2007, baada ya serikali ya kijeshi ya Myanmar kupandisha ghafla bei ya mafuta, maelfu ya watawa waliingia barabarani wakiimba sutta ya Metta, ya kuwatakia heri viumbe wote, na wakati huo huo wakayageuza mabakuli yao ya sadaka chini juu, ishara ya kukataa kupokea chochote kutoka kwa wanajeshi na familia zao. Katika jamii ambayo sadaka kwa mtawa ndiyo njia kuu ya kujipatia thawabu, kuligeuza bakuli ni kumfungia mtu mlango wa akhera yake. Sijui mgomo mkali zaidi ya huo, na haukurusha jiwe hata moja.

Kwa hiyo hatukwambii uzime hasira yako. Ichunguze imebeba nini. Mara nyingi ndani yake mna kuona wazi kwamba jambo fulani ni dhuluma, na huko kuona ni mali ambayo hupaswi kuipoteza. Lakini mna pia ladha, ile raha ya kuwa upande wa haki, na ladha hiyo ndiyo inayokufanya useme mkutanoni jambo ambalo wafanyakazi wako watalilipia kesho yake. Jitihada yote iko katika kubaki na kile cha kwanza baada ya hiki cha pili kuyeyuka. Ukigundua kwamba kilipoyeyuka hukubaki na nguvu ya kuamka asubuhi, utuandikie tena, kwa sababu hiyo ni habari kubwa.

SWALI: Mnawasifu sana watawa wa Kibuddha. Na waliowafukuza Warohingya, Waislamu wa Myanmar, je?

JIBU: Barua yako ni fupi kuliko zote na ndiyo iliyotukalisha muda mrefu. Kuanzia Agosti 2017 zaidi ya Warohingya 700,000 walikimbilia Bangladesh kutoka Myanmar kwa sababu ya operesheni za jeshi, na kwa miaka kadhaa kabla ya hapo baadhi ya watawa walikuwa wamehubiri hadharani dhidi ya Waislamu. Joho lile lile lililokuwa barabarani mwaka 2007 lilionekana katika mahubiri hayo. Sri Lanka nako, wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1983 na kumalizika mwaka 2009, walikuwapo watawa waliopinga kila mapatano.

Jibu rahisi ni kusema kwamba hao hawakuwa Wabuddha wa kweli. Hatulitaki, kwa kuwa kila dini hulitumia na halijamwokoa mtu. Walijua sutta za Metta kwa moyo. Kilichotokea ni kwamba upendo uliwekewa mpaka wa kabila na taifa, na mafundisho yakageuzwa kuwa mali ya kulindwa. Thich Nhat Hanh alipoanzisha jumuiya yake ya Tiep Hien mwaka 1966, akiwa amezungukwa na watu waliokuwa wakiuana kwa ajili ya itikadi, kanuni ya kwanza kati ya 14 aliyowapa wanachama ilikuwa kutoabudu wala kufungwa na fundisho lolote, hata likiwa la Kibuddha. Wengi huishangaa kanuni hiyo kuwekwa mbele hata ya kutokuua. Sisi hatuishangai tena.

SWALI: Mliandika kwamba watawa wa Thailand "huwapa utawa miti". Je, huo si ushirikina?

JIBU: Watawa wenyewe wanajua vizuri kwamba mti hauwezi kuwa mtawa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, miaka ambayo mafuriko makubwa ya kusini mwa nchi yalihusishwa na ukataji wa misitu na serikali ikapiga marufuku ukataji wa magogo mwaka 1989, baadhi yao wamekuwa wakiufunga mti mkubwa kwa kitambaa cha rangi ya joho katika ibada inayohudhuriwa na wanakijiji na, pale inapowezekana, na maofisa. Mwenye shoka akifika hana budi kwanza kulivua joho. Wengi hawathubutu.

SWALI: Mimi si Mbuddha wala sina nia ya kuwa. Kundi letu lina watu wanane, hatuna fedha, na mikutano yetu huishia kwenye ubishi juu ya nani alisema nini. Kuna lolote tunaloweza kuazima?

JIBU: Lipo, na hamhitaji kubadili dini. Mwaka 1958 A. T. Ariyaratne, mwalimu wa shule mjini Colombo, aliwachukua wanafunzi wake kwenda kufanya kazi katika kijiji cha watu waliodharauliwa, Kanatoluwa. Wakachimba, wakajenga, wakala na kulala pamoja na wenyeji. Kutokana na safari hiyo ikazaliwa harakati ya Sarvodaya Shramadana, iliyoenea katika maelfu ya vijiji vya Sri Lanka na kuwachanganya Wabuddha, Wahindu, Waislamu na Wakristo katika mtaro mmoja. Shramadana maana yake ni sadaka ya nguvu za mwili. Ariyaratne alipenda kusema kwamba watu huijenga barabara, na barabara nayo huwajenga watu. Kwa hiyo azimeni kwanza hili: mkutano ujao ufanyeni mkiwa na majembe au mafagio mikononi, mahali penye kazi ambayo inaonekana ikiisha. Ubishi hupungua sana mtu anapokuwa ameshika upande wa pili wa jiwe mnalolibeba.

La pili ni la Taiwan. Mwaka 1966 mtawa wa kike Cheng Yen aliwaomba akina mama 30 wa nyumbani katika mji wa Hualien kuweka akiba ya senti 50 za nchi hiyo kila siku, katika kopo la mwanzi, kabla ya kwenda sokoni. Walimwuliza kwa nini wasitoe kwa mkupuo mmoja wa mwezi, ambao ungekuwa ule ule kwa hesabu. Alikataa. Alitaka kila mmoja wao awe na dakika moja ya kila siku ya kumkumbuka mtu mwenye shida, na kopo lilikuwa chombo cha kuitunza dakika hiyo. Sokoni waliulizwa maswali, na waliouliza nao wakatafuta makopo. Kutokana na senti hizo likakua shirika la Tzu Chi, ambalo mwaka 1986 lilifungua hospitali mjini Hualien na ambalo leo hutoa misaada ya maafa katika nchi nyingi. Haba na haba hujaza kibaba, tunajua. Lakini kilichomshughulisha Cheng Yen zaidi kilikuwa mkono unaotia, kuliko kibaba chenyewe.

Watu wanane wanatosha kuanza. Tafuteni kopo lolote lenye mfuniko, litiwe kitu kila siku hata kiwe kidogo kiasi cha kuchekesha, na mkubaliane mapema ni nani atakayelihesabu mwisho wa mwezi. Asiwe mtu yule yule kila mara, na ahesabu mbele ya wote.